Chuki ya kununa na chuki ya kuhamisha mtu

"Hiyo chuki unauliza ni gani? Ya kununa ama ya kuhamisha mtu?"

Nilikuwa nimekaa kwa stuli ya plastiki nje ya kibanda cha mboga Kaptembwo, hapa Nakuru, tableti kwa magoti, na nilikuwa nimefika lile swali ambalo kila mtu hulijibu haraka ndio tuendelee. Je, unawachukia watu wa makabila mengine kwa kiwango gani, moja mpaka tano? Moja ni hapana kabisa, tano ni sana. Ni kazi ya kibarua tu, unalipwa kwa fomu, na wengi husema moja kabla hata hujamaliza kusoma. Huyu mama hakusema moja. Alikuwa anakatakata sukuma, kisu kinapita karibu na kidole gumba bila yeye kuangalia, macho yote yako kwangu.

Nikamwambia imeandikwa tu chuki.

"Basi imeandikwa vibaya."

Halafu akanieleza. Kuna mama mwenzake, nyumba ya tatu kutoka hapo, hawasalimiani. Kisa ni kuku, na huyo kuku mwenyewe alishaliwa miaka mingi iliyopita. Wakikutana kwa foleni ya maji kila mtu anaangalia mtungi wake. Lakini Januari 2008 vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, huyo mama wa kuku ndiye alikuja usiku akabeba cherehani ya huyu wa mboga akaificha nyumbani kwake nyuma ya magunia ya mahindi, na mambo yalipotulia akairudisha, akaiweka mlangoni, akageuka akaenda zake. Hakusema neno. Mpaka leo hawasalimiani.

Na yule aliyeleta vijana mpaka mlangoni? Kijana wa hapo hapo, amekula kwake tangu akiwa mdogo.

"Alikuwa ananiita mama. Na siku hiyo pia aliniita mama. Aliniambia, mama toka haraka, hawa watu hawana subira. Hakuwa na hasira hata kidogo. Sasa niambie, hapo utaandika ngapi?"

Niliandika tatu. Supavaiza alikuwa ametuambia mtu akikataa kuchagua tuweke tatu.

(Sitasema huyo mama ni kabila gani wala kijana ni kabila gani. Kama umeshaanza kukisia, hiyo nayo ni kitu ya kujiuliza.)

Hiyo ilikuwa wiki kadhaa zilizopita na bado sijaweza kuitoa kichwani. Nikiosha vyombo naiwaza, nikiwa kwa matatu naiwaza. Kwa sababu kama mama wa kuku ana chuki na yule kijana hana, basi sisi wote tunaozunguka na tableti tunapima kitu gani?

Chuki ya serikali

Nilianza na sheria, maana ndiyo ilituletea hili neno kwa nguvu. Kabla ya 2008 nani alikuwa anasema "matamshi ya chuki"? Tulikuwa tunasema uchochezi. Halafu ile Januari ikapita, Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi, ikahesabu watu 1,133 waliouawa, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ile iliyozaa NCIC, tume ya uwiano na utangamano. Kifungu cha 13 kinasema ukitumia maneno ya vitisho au matusi ukikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au hata kama hukukusudia lakini ukiangalia hali yote inaelekea chuki itachochewa, umevunja sheria. Faini isizidi milioni moja, ama jela isizidi miaka mitatu, ama vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo ikaja ikaweka kwa ibara ya 33 kwamba uhuru wa kujieleza haufiki huko.

Sawa. Sasa nikatafuta hiyo chuki yenyewe imeelezwa aje. Sheria inasema chuki ya kikabila ni chuki dhidi ya kundi la watu kwa rangi yao, uraia wao, asili yao, na kadhalika.

Yaani chuki ni chuki.

Silaumu wanasheria, kuna vitu ukijaribu kuvieleza unabaki unavizunguka tu. Lakini Aprili 2022, tukienda uchaguzi, NCIC ilifanya kitu kingine ambacho kwangu kilikuwa na maana zaidi: ilitoa orodha ya maneno. Kulikuwa na ya Kiingereza, ya Kiswahili, ya Sheng na ya lugha za nyumbani. Madoadoa. Kwekwe. Mende. Wakuja. Wabara. Kihii, ambalo kwa Kikuyu ni kijana hajatahiriwa na kwa siasa ni Mjaluo yeyote hata akiwa na wajukuu. Hata hatupangwingwi, ile Sheng ya hatupangiwi, iliingia, watu wakacheka sana, na kucheka kwetu kukafanya tusiangalie hizo zingine vizuri.

Mimi nimezisoma tena juzi, pole pole. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba karibu zote hazina joto. Hakuna mahali mtu anasema nakuchukia. Hakuna hasira. Doa linatolewa. Kwekwe inang'olewa. Mende wanapuliziwa dawa, na kweli kwa upande wa Kiingereza kulikuwa na neno la kufukiza wadudu.

Hizo ni kazi za Jumamosi asubuhi.

Na sisi wa Bonde la Ufa tunajua madoadoa si neno la 2022. Lilikuwa linatembea huku tangu miaka ya tisini, wazazi wetu walilikimbia, likarudi 2007, na Januari 2022 seneta mmoja akalitamka tena kwa mkutano Eldoret akiwa jukwaani mchana kweupe, akashikwa, akaomba msamaha. Ukiangalia video hana uso wa mtu anayechukia mtu. Ana uso wa mtu anayesalimia umati.

Kuna ile nyingine ya Juni 2016, wanasiasa wa pande zote mbili wakalazwa seli za Pangani kwa matamshi ya chuki, Cord ya upinzani na Jubilee ya serikali pamoja, wabunge na seneta. Wakatoka huko baada ya siku chache ni marafiki, wanakumbatiana, wanahubiri umoja, watu wakawabatiza Pangani Six hata kama walikuwa zaidi ya sita. Wengi walifurahi kuona vile wamepatana. Mimi ilinitia baridi. Kama mlichohitaji ili kupatana ni usiku chache kwa sakafu moja, basi hamkuwa mnachukiana hata kidogo, na watu wa kule mashinani ndio mlikuwa mmewabebesha.

Mgiriki, na rafiki yangu wa Tanga

Aristotle aliliona hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alikuwa anafundisha watu kuongea mbele ya umma, na mtu wa jukwaa lazima ajue tofauti ya hasira na chuki. Alisema hasira ni ya mtu fulani aliyekukosea wewe, lakini chuki unaweza kuwa nayo kwa aina nzima ya watu. Hasira inapona na wakati, chuki haiponi. Mwenye hasira anaumia, mwenye chuki haumii. Na hii ndiyo ilinifanya niweke simu chini: mwenye hasira anataka yule mwingine ahisi uchungu, mwenye chuki anataka tu asiwepo.

Asiwepo. Mama toka haraka.

Nikafikiri nimemaliza. Kununa ni hasira iliyokaa, kuhamisha ndiyo chuki yenyewe, na yule mama wa Kaptembwo na Aristotle wamekubaliana bila kukutana.

Lakini Kiswahili hakinikubalii hiyo hesabu rahisi. Nina rafiki wa Tanga tuliyesoma naye chuo, na mwaka wa kwanza nusura tukosane juu ya neno hili. Tulichelewa basi, akaniambia "nimechukia sana leo." Mimi nikashtuka, nikamuuliza umechukia nani, akasema hakuna mtu, nimechukia tu. Kwao kuchukia kunaweza kuwa kukasirika, kuudhika, roho kuharibika kwa muda, ukinywa chai inaisha. Kwetu huku bara neno hilo hilo limekuwa zito, limepelekwa kortini, lina faini ya milioni moja.

Na si hilo tu. Kiarabu kilitupatia maneno mawili makali ya chuki, na Waswahili wakayapoza yote. La kwanza likawa karaha, yaani kile kitu cha kukutia kinyaa kidogo, na ndugu yake ni makruhu, kitu ambacho hakipendezi lakini si haramu. La pili likawa bughudha, na bughudha leo ni kusumbua mtu. "Acha kunibughudhi" mtu anaambia mtoto. Halafu pembeni tukajijazia yetu ya kila ukubwa: kinyongo, fundo, mfundo, kisirani, kijicho, uhasama, inda, roho mbaya. Mtu ana fundo moyoni miaka ishirini na bado anakuja kwa matanga yako na mchele.

Haya mambo ya maneno kuhama joto si yetu peke yetu. Ile herufi ya Kichina ambayo leo Beijing wanaisoma kama kuchukia, zamani kwa maandishi ya kale ilikuwa zaidi ni majuto, na ilipofika Korea ikakaa huko kama huzuni ndefu ya watu walioonewa. Herufi ni moja.

Nyieka, mũiru, na mke mwenza

Hapa sasa ndipo nilikaa sana, mnisamehe.

Mama yangu ni Mjaluo wa Kano, upande wa Ahero. Baba alikuwa Mkikuyu wa Njoro. Kwetu tulikuwa tunagombezwa kwa lugha mbili na kubembelezwa kwa ya tatu, hiyo Kiswahili. Kwa hivyo nilifanya kitu rahisi, nikaanza kuokota maneno ya pande zote mbili niyaweke mezani.

Kwa Dholuo ukikasirika ni tumbo, *iya owang'*, tumbo langu limeungua. Kuchukia ni *mon kod*. *Amon kodi*, nakuchukia, na hilo *kod* ni lile la "pamoja na", unalotumia ukisema nimekuja na fulani. Yaani hata chuki wameiweka kwa "na". Siwezi kukuchukia kutoka mbali, nakuchukia na wewe, tuko wote ndani. Kwa Kikuyu kuna *rũmena*, na ndani ya rũmena kuna dharau, *kũmena* ni kuchukia na ni kumdharau mtu kwa pamoja, unamwangalia kutoka juu. Nimeishi na haya yote mawili nyumba moja na sikuwahi kuyaona yakitofautiana mpaka nilipoyaandika kwa karatasi.

Lakini si hayo yalinishtua. Nilikuwa natafuta wivu.

Wivu kwa Dholuo ni *nyiego*. Na mke mwenzangu ni *nyieka*. Ni neno moja limegeuzwa tu. Nikampigia tata, dada ya baba, nikamuuliza wivu kwa Kikuyu kile cha zamani, akasema *ũiru*. Nikamuuliza na mke mwenza? Akanyamaza kidogo, halafu akacheka ile ya mtu ameshikwa.

"*Mũiru*."

Hizi lugha hazina uhusiano wa karibu hata kidogo. Kikuyu ni Kibantu, Dholuo ni ya Kiniloti. Siasa ya nchi hii imetuambia tangu 1966, Kenyatta na Jaramogi walipoachana, kwamba hawa watu wawili hawawezi kuelewana. Na bado kila mmoja kivyake, alipotafuta jina la ule moto unaoungua ndani ya mtu pale mwingine akipata, hakwenda kutafuta kwa mgeni wala kwa adui wa vita. Alienda kwa boma. Kwa yule mnayeshiriki mume.

Nikaendelea kuchimba. Kwa Kiarabu mke mwenza ni *dharra*, na mzizi wake ni ule ule uliotupa kudhuru na madhara. Kwa Kiebrania ni *tsara*, na neno hilo hilo ni dhiki, ni shida. Ndilo limetumika kwa kile kisa cha Hana na Penina, yule Penina alimchokoza mwenzake mpaka akalia akakataa kula.

Na Biblia yetu ya Kiswahili pale inamuita nani? Mwenzake.

Kwa sababu Kiswahili, peke yake kati ya hizi zote, kimemuita mke mwenza. Mwenza! Si dhiki, si madhara, si wivu. Nilitaka kufurahi hapo, nikasema hii ndiyo lugha yetu ya amani, halafu nikakumbuka mipasho ya taarab nikacheka peke yangu. Hao wenza wanachambana usiku kucha wakitunzwa pesa. Neno zuri halijawahi kuzuia mtu.

Dani yangu, mama ya mama, alikuwa *nyachira*, mke wa pili. Nyumba ya *mikayi*, yule wa kwanza, iliangaliana na lango, na ya dani ilikuwa pembeni. Walikuwa na nyiego ya kweli kweli, wanafichana chumvi, wanahesabu mzee amelala wapi, mmoja akipika samaki mwingine anafunga dirisha. Na hao ndio walizalishana watoto. Mikayi alimkata mama yangu kitovu. Alipokufa, dani alilia kwa mlango wa ile nyumba kwa siku ambazo watu wakaanza kuogopa, na mjomba wangu, nera, husema hakumlilia mzee namna hiyo.

Naelewa sasa yule mama wa cherehani. Yeye na wa kuku ni nyieka bila mume.

Lea hakupendwa

Kitu kimoja kidogo nikiwa bado kwa Biblia. Mwanzo 29, Kiebrania kinasema Lea alichukiwa, Kiingereza cha zamani kikaandika alichukiwa, lakini watafsiri wetu wa Union Version wakaandika Lea hakupendwa. Alafu Kumbukumbu la Torati 21, mtu ana wake wawili, mmoja ampendaye na mmoja amchukiaye, hapo wakaiacha kali. Neno ni lile lile. Na kwa Luka 14 Yesu anasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake, na mapasta wetu wanatokwa jasho kila mwaka wakieleza kwamba maana yake ni kupenda zaidi, vile Mathayo anaweka.

Mimi nadhani wale watafsiri walijua walichokuwa wanafanya. Kwa nyumba ya Yakobo hakuna aliyetaka Lea asiwepo. Alikuwepo, akazaa, akazaa tena. Alikuwa tu hapewi. Hiyo ni chuki inayokaa meza moja na wewe, na waliona wakiandika chuki msomaji wa Kiswahili atafikiria panga.

Mende

Kuna neno moja kwa ile orodha ya NCIC ambalo halikuzaliwa Kenya. Mende. Kwa Kinyarwanda ni *inyenzi*. Lilianza miaka ya sitini likitumiwa kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakimbizini, waliokuwa wakivuka mpaka usiku kushambulia. Miaka thelathini baadaye likafanywa ni la kila Mtutsi, pamoja na bibi kizee na mtoto wa mgongoni. Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na ilikuwa redio ya kufurahisha, ya muziki na utani, ndiyo maana vijana walikuwa wanaisikiliza. Na 1994 ilipofika, kuua kukaitwa *gukora*, kufanya kazi. Mahakama ya Arusha, ile ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 2003 iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa hiyo redio na mhariri wa gazeti la Kangura.

Hawa walikaa studio. Hawakuhitaji kukasirika.

Nikaona nimefika mahali pangu pa kusimama: chuki tunayoogopa si ile ya moyoni. Ile ya moyoni inajua jina lako, inajua kuku wako, inakununia kwa foleni ya maji. Ile nyingine haikujui. Inahitaji tu mtu ageuzwe kitu, doa, gugu, mdudu, halafu kazi inaanza, na anayeifanya anaweza kuwa na adabu zake zote.

Nilikuwa nimeridhika na hiyo mpaka nilipomwambia nera.

Nera amefanya biashara ya mchele Ahero na Kisumu miaka mingi na hana subira na watu wa kusoma. Aliniskiza mpaka mwisho, kitu ambacho hafanyi, halafu akauliza swali moja. Huyo kijana wa Kaptembwo, baada ya mama kutoka, mabati ya nyumba yalienda wapi?

Sikuwa nimeuliza. Lakini nilijua jibu, na wewe unalijua.

"Basi usiniambie hakuwa na kitu moyoni," akasema. "Alikuwa na nyiego. Alikuwa amekula kwa hiyo nyumba miaka yote akiangalia juu."

Hiyo ilinivuruga kabisa, na bado sijatoka hapo vizuri. Kwa sababu nera ana haki. Ukiangalia vita vya huku kwetu, Molo, Njoro, Burnt Forest, hakuna mahali mtu alimfukuza mgeni. Walifukuza waliolima nao, waliozikana nao, waliooleana nao, na chini ya kila kitu kulikuwa na mume mmoja wa kugombaniwa, na huyo mume ni shamba. Ni ukewenza. Lakini dani na mikayi walikuwa na nyiego miaka arobaini na hakuna aliyechoma nyumba ya mwenzake. Kwa hivyo nyiego peke yake haitoshi. Na nadhani, hii ni yangu sasa msimlaumu Aristotle, kwamba kijana alikuwa na nyiego yake ya zamani kama watu wote, na angeishi nayo na azeeke nayo, mpaka mtu akapanda juu ya gari na maikrofoni akampa neno la kuipoza. Akamwambia huyu si mama anayekupa chai, huyu ni doa. Kuanzia hapo hahitaji kumkasirikia. Anaweza hata kumhurumia.

Kwa hivyo sheria ikitafuta chuki kwa moyo wa msemaji itakosa kila mara, na wakili wake atasema mteja wangu hana chuki na mtu, na atakuwa anasema ukweli! Ningependa korti iulize kitu kidogo zaidi: hili neno linamfanya mtu awe nini, na hicho kitu huwa kinafanywa nini nyumbani.

Mizani ya ngazi saba

Kwa fomu ya awamu ijayo nilijaribu kupendekeza swali lingine. Miaka ya 1920 kulikuwa na mwanasosholojia wa Marekani, Emory Bogardus, ambaye alikataa kuuliza watu kama wanachukia. Aliuliza ungekubali mtu wa taifa fulani akaribie wapi. Aolewe kwenu? Awe rafiki wa karibu? Jirani wa mtaa mmoja? Mfanye kazi pamoja? Awe raia? Aje kama mgeni tu? Ama asiingie nchini kabisa? Ngazi saba, na ndoa iko juu kabisa, maana alichukulia kwamba ukishakubali mtu aoe kwenu, hizo zingine zote umezikubali.

Ofisi ilisema hapana, eti data lazima ifanane na ya mwaka jana. Sikubishana. Nikaijaribu nyumbani.

Nera alikuwa amepita kwetu Nakuru akitoka Nairobi, na tata akawa amekuja kutoka Njoro, na mama alikuwa anasukuma chapati. Nikaongeza ngazi moja ya kwetu ambayo Bogardus hakuwa nayo: ungemuuzia shamba?

Nera hakufikiri hata kidogo. "Kuoa waoe. Si hata dada yangu mlimchukua? Lakini ardhi ya Kano haiuziwi *jamwa*, hata aje na gunia la pesa." (Jamwa ni mtu yeyote asiye Mjaluo.)

Tata akamwangalia kama mtu ameona kichekesho. "Shamba ni pesa. Mwenye pesa anunue, hata akitoka mwezini. Lakini kijana wangu kuoa huko kwenu..." Akakunja mdomo. "Hiyo tungekaa chini kwanza."

Ngazi ya Bogardus ikaanguka hapo hapo. Kwa mmoja ndoa iko chini na shamba liko juu, kwa mwingine ni kinyume, na wote wawili nikiwapa swali langu la moja mpaka tano wangesema moja, na wangeapa.

Mama alikuwa amewageuzia mgongo, anageuza chapati.

"Kwa hivyo huyu hawezi kunipa shamba, na huyu hangenipa mume. Na nyinyi wote wawili mko hapa mnangojea chapati zangu."

Wakaangaliana. Halafu nera akamwambia tata, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwamba huyu dada yake amekuwa na mdomo tangu akiwa mtoto, na tata akasema wameteseka naye hata wao, na kuanzia hapo ikawa ni hao wawili dhidi yake mpaka giza likaingia.